Barua Tatu za Mwandiko Mmoja

Nilikuwa na mwandiko mzuri. Nalisema hilo mapema kwa sababu katika maisha yangu yote sikujaliwa kitu kingine cha kujivunia, na hata hicho nilikitumia vibaya. Nilisoma mpaka kidato cha nne enzi ambazo kidato cha nne kilikuwa jambo la kutajwa kwenye harusi, kisha nikaajiriwa karani wa stoo katika kiwanda cha nguo mjini Thika. Kazi yangu ilikuwa kuandika kadi za uzi: rangi gani, unene gani, umeingia siku gani. Kadi ya uzi husomwa na mtu mmoja, na mtu huyo nilikuwa mimi. Hata hivyo niliziandika kana kwamba jioni zitapelekwa Ikulu.

Mtaani Makongeni sifa hii ilinitangulia. Jumamosi mchana watu walikuja nyumbani kwangu na karatasi za fulskepu chini ya kwapa, wakakaa kwenye benchi kungoja zamu. Niliwaandikia barua za kuomba upolisi, ualimu, udereva, ulinzi wa mashamba ya kahawa. Nilikuwa na kalamu ya wino wa buluu, na herufi zangu za mwanzo zilikuwa na mikia iliyoteremka mpaka mstari wa pili. Mke wangu alisema mikia hiyo ilikuwa inakula karatasi za watu bure. Waliopata kazi niliwahesabu kuwa ushindi wangu. Waliokosa, niliamua kwamba walikosa kwa sababu zao wenyewe.

Katika nyumba hiyo hiyo ya watu waliojua kusoma alikulia binti yangu wa kwanza. Nilimwita maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa sisi Wakikuyu binti wa kwanza humpa jina la mama mzazi wa baba, na baba humwita hivyo maisha yake yote. Ni desturi nzuri. Inamwezesha mwanamume kumwita mtoto mama asubuhi na kumwamuru kama mtoto jioni, bila yeye mwenyewe kuona kasoro yoyote.

Maitu alitaka kuwa nesi. Hakupata wazo hilo kwa kuona kofia nyeupe ikipita barabarani. Alilipata kwenye kadi za kliniki. Kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga palikuwa na kina mama wengi wenye watoto wachanga, na kila mmoja alirudi kutoka kliniki na kadi yenye mstari wa kuonyesha uzito wa mtoto unavyopanda. Wengi wao hawakujua mstari huo unasema nini. Waliambiwa tu waihifadhi kadi isilowe. Tangu darasa la saba, binti yangu alikuwa akiwasomea. Aliikagua kadi, akamkagua mtoto, kisha akamuuliza mama mtu, kwa sauti ya hakimu, mchana huyu mtoto anabaki na nani. Kina mama walikasirika. Mwezi uliofuata walirudi na kadi.

Alimaliza kidato cha nne katikati ya miaka ya tisini na akapata alama ya C. C tupu, isiyo na alama ya kujumlisha pembeni. Mimi nilikuwa nimewatangazia majirani B, kwa hiyo kwa wiki mbili nilipita njia ya nyuma nikienda kazini.

Tangazo nililipata kazini, katika gazeti la meneja alipomaliza kulisoma. Chuo kimoja cha wauguzi upande wa Ruiru, ambacho sitakitaja kwa kuwa hakikunikosea lolote, kilikuwa kinatafuta wanafunzi wa uuguzi wa jamii. Nililisoma tangazo hilo mezani baada ya chakula, nimesimama, maana mambo ya serikali na ya vyuo siwezi kuyasoma nimeketi. Mwombaji awe na alama isiyopungua C. Awe na C katika Biolojia, na C katika Kiingereza au Kiswahili. Awe ametimiza miaka kumi na saba. Alete nakala za vyeti, picha mbili za pasipoti, barua ya kiongozi wake wa dini, na barua ya naibu wa chifu wa mahali anapoishi. Na mwisho, barua ya maombi iandikwe na mwombaji mwenyewe, kwa mkono wake.

Binti yangu alikuwa na kila kitu walichotaka, bila ziada hata kidogo. Ungedhani tangazo lilikuwa limepimwa mwilini mwake na fundi.

Kesho yake alikuwa tayari ameandika barua. Ilikuwa ya mistari minane au tisa, herufi ndogo zilizobanana kama watu kwenye foleni ya mafuta ya taa. Alisema anaomba nafasi. Alisema anajua kusoma kadi za ukuaji wa watoto, na angependa kujua kwa nini mtoto mwingine anakula na hanenepi. Akaweka sahihi. Hakuna “kwa unyenyekevu mkubwa”, hakuna “kulitumikia taifa”, hakuna hata mkia mmoja. Niliisoma mara mbili nikahisi aibu, kama mtu ambaye mwanawe ametoka kwenda kanisani pekupeku.

Nikamwambia nitamwandikia nyingine.

“Baba, wamesema mwombaji mwenyewe.”

“Nani amekulisha mpaka ukawa mwombaji?”

“Lakini ni mkono wangu wanataka kuona.”

“Wanataka kuona mtu aliyesoma. Maitu, nimeandikia watu barua kabla hujazaliwa.”

Mama yake alikuwa anachambua maharagwe mlangoni. Hakuinua kichwa. “Ukimaliza kumwandikia, Bwana Karani, uende pia umvalie ile kofia,” akasema. “Kwa vile kichwa chako kimevimba, haitaanguka.”

Mke wangu alikuwa na maneno, na aghalabu yalikuwa ya kweli, ndiyo maana sikuyajali. Niliiandika barua ile kwa jioni mbili. Nilisema tangu utotoni mwito wa uuguzi ulikuwa ukigonga mlango wa moyo wangu, moyo huo ukiwa wa binti wa miaka kumi na minane na wino ukiwa wa mzee wa stoo. Ile ya kwake niliikunja mara nne, nikaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba. Meza ikatulia. Nikaona hata hilo ni ishara njema.

Zikabaki barua mbili. Nilimwendea mchungaji wetu, mtu mwema mwenye shughuli nyingi za mazishi. Nilipomweleza shida yangu alifurahi, akasema, “Mzee, wewe ndiye unajua maneno. Andika vile unaona, mimi nitakuwa nimekubali.” Akavuta droo, akapiga muhuri wa kanisa chini ya karatasi tupu, akaweka sahihi, akanipa niende nikajaze nyumbani. Kwa naibu wa chifu mambo yalikwenda upesi zaidi. Yeye alikuwa na karatasi zilizokwisha kupigwa muhuri tangu asubuhi, zimelala kwenye bahasha kama chapati, zikingoja wenye shida. Alinipa moja huku akizungumza na mtu mwingine kuhusu mpaka wa shamba.

Msinielewe vibaya, hakuna aliyedanganya. Mchungaji alimfahamu binti yangu tangu ubatizo. Naibu wa chifu alijua tunakoishi. Alikuwa amekula kwangu. Kila neno nililojaza kwenye karatasi zile lilikuwa la kweli, na mihuri ilikuwa ya kweli. Hivyo ndivyo kazi ilivyofanyika kwetu, na ilifanyika vizuri, mradi barua zisikutane. Niliandika ya mchungaji kwa upole, na ya naibu wa chifu kwa ukali kidogo wa serikali. Nilijisifu moyoni kwa kubadilisha sauti namna ile. Kubadilisha mwandiko hakukunijia akilini hata kidogo. Ningewezaje kuuficha, na ndio uliokuwa uzuri wenyewe?

Nikazitia zote tatu katika bahasha moja, nikalamba, nikapeleka posta.

Walimwita kwenye mahojiano. Hapo nilitembea barabara kuu kwenda kazini, kifua mbele, nikimsimulia kila aliyenisalimia kwamba barua ndiyo iliyomfanya aitwe. Siku ya mahojiano, ilikuwa Jumanne, maitu alivaa sketi ya mama yake iliyopunguzwa kiunoni, akaenda Ruiru peke yake. Alikuwa amenikataza kumsindikiza.

Aliporudi alikaa kwenye benchi la wateja wangu, akatusimulia bila kutuangalia. Waliomhoji walikuwa watatu: mkuu wa chuo, ambaye ni mama wa makamo aliyewahi kuwa nesi, daktari mmoja, na mwalimu mwanamume aliyekuwa akiandika tu. Walimuuliza kwa nini anataka uuguzi, akawaeleza habari za kadi. Daktari akaweka kalamu chini. Akamuuliza, mtoto akikaa miezi miwili mstari wake haupandi, utafanya nini kwanza? Akajibu kwamba atamuuliza mama mchana mtoto anabaki na nani, na huyo anayebaki naye amekula nini. Daktari akamtazama mkuu wa chuo, akatikisa kichwa kwa kukubali.

Ndipo mkuu wa chuo akafungua faili. Alitoa karatasi tatu, akazipanga mezani moja kando ya nyingine, taratibu, akavaa miwani.

“Nieleze, binti,” akasema. “Wewe, mchungaji wenu, na naibu wa chifu wenu, mlifundishwa kuandika na mwalimu mmoja?”

Daktari alicheka. Binti yangu hakujua kudanganya, jambo ambalo hakulirithi kwangu. Akasema baba yake ndiye aliyeziandika zote.

“Na hii ya kwako tulisema iandikwe na nani?”

“Na mimi.”

“Basi humu ndani kuna karatasi gani yako?”

Hakukuwa na yoyote. Ya kwake ilikuwa Makongeni, imebeba meza.

Mkuu wa chuo hakumfukuza. Natamani angemfukuza, ningepata mtu wa kumchukia. Alimwambia amejibu vizuri kuliko wengi, na asingependa kumpoteza kwa ajili ya karatasi, lakini hawezi kuingiza chuoni faili ambalo kila barua yake inanuka mtu mmoja. Alimpa mpaka Ijumaa saa sita mchana. Mchungaji aje, au naibu wa chifu aje, aseme kwa mdomo kwamba muhuri ni wake na yaliyoandikwa anayajua. Na kama hao hawawezi, baba mwenyewe aje aeleze alichofanya. Mtu mmoja tu, asimame mbele yake. Nafasi ingemngoja mpaka saa hiyo.

Jumatano jioni nilikwenda kwa mchungaji. Alinisikiliza akiwa amefumba macho, nikadhani anaomba. Kumbe alikuwa anafikiri. “Mzee, nikienda kusema sikuiandika mimi,” akasema, “wataniuliza ni ngapi nyingine nilipigia muhuri zikiwa tupu. Nitajibu nini?” Nilimwona ni mwoga. Naibu wa chifu hakujisumbua hata kufumba macho. Aliniambia hakumbuki karatasi yoyote, na kwamba nikilitaja jambo hilo tena atakumbuka mambo mengine yangu.

Nikabaki mimi. Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Kutoka Thika mpaka Ruiru si mbali. Watu walikwenda kununua nyanya huko na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Nilitakiwa kuvaa koti, kuingia katika ofisi, na kumwambia mwanamke mmoja: niliandika mimi, mtoto wangu hana kosa. Maneno sita. Mtu ambaye alikuwa amewaandikia wengine maelfu ya maneno angeweza kuyapata sita ya kwake.

Nilisema nyumbani kwamba kiwandani hawaniruhusu kutoka Ijumaa. Sikuwa nimeomba ruhusa.

Nimekuwa na miaka mingi ya kujiuliza niliogopa nini. Sikuogopa kushtakiwa. Niliogopa yule mama mwenye miwani kuniweka mbele ya karatasi zangu tatu na kunisomea, kwa sauti, ule mwito uliokuwa ukigonga mlango wa moyo. Nilizoea watu kuja kwenye benchi langu. Kukaa kwenye benchi la mtu mwingine ningekufa.

Kwa hiyo Alhamisi nilifanya nilichokuwa najua kufanya. Niliandika barua.

Ilikuwa barua bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Kurasa mbili. Nilikiri kila kitu: jinsi nilivyompuuza binti yangu, jinsi mihuri ilivyopigwa, isipokuwa majina ya wenye mihuri niliyaficha kwa heshima. Mahali pengine palinitoa machozi mimi mwenyewe. Nilipomaliza nilipuliza wino ukauke, nikamwita maitu, nikamwambia hii itamtosha yule mama.

Aliitazama bahasha bila kuipokea. “Wamesema mtu, baba.”

“Barua ni mtu,” nikamwambia. “Soma uone.”

“Twende tu. Utasimama pale, nitaongea mimi. Wewe utatikisa kichwa tu.”

Ona alivyonirahisishia. Nitikise kichwa tu! Nilimjibu kwamba mtu mzima hatikisi kichwa ofisini kama mbuzi. Mama yake alitoka nje, akaenda kukaa kwa jirani mpaka giza. Asubuhi maitu alichukua bahasha akaenda.

Alirudi saa tisa. Nilikuwa nyumbani; nilikuwa nimetoka kazini mapema, kumbe ruhusa ilipatikana kwa urahisi sana. Alivua viatu mlangoni, akasema nafasi imekwenda kwa aliyefuata kwenye orodha. Mkuu wa chuo alikuwa ameiweka saa ya mkononi mezani, akangoja mpaka saa sita na nusu, akichungulia dirishani. Kisha akasema, “Nilimwambia aje mtu, si mwandiko.”

Nitawaambia neno langu la kwanza, kwa kuwa hakuna maana ya kuandika haya nikiliruka. Sikumwambia pole. Nilimuuliza, “Aliisoma yote?”

“Aliisoma yote, baba,” akasema. “Akasema una mwandiko mzuri sana.”

Akaingia ndani.

Jumatatu nilikwenda Ruiru. Ndiyo, nilikwenda, nilivaa koti, nikakaa kwenye benchi, nikaitwa, nikasimama. Niliyasema yale maneno sita na mengine mengi. Mkuu wa chuo alinisikiliza kwa adabu. Hakunionyesha karatasi, hakunisomea chochote. Yale yote niliyoyaogopa hayakutokea. Aliniambia tu, “Mzee, Ijumaa nilikuwa na kitanda kitupu bwenini. Leo kina msichana analala, na yeye pia ana baba.” Akanisindikiza mpaka mlangoni, akanionyesha njia fupi ya kutokea barabarani.

Nilimshauri binti yangu aombe tena mwaka unaofuata. Aliomba, akaandika barua yake mwenyewe, na mimi sijaiona mpaka leo. Mwaka huo chuo kilitaka C yenye alama ya kujumlisha. Vyuo vingine vilifuata. Lile tangazo lililompima kama fundi lilikuwa limetoka mara moja tu, na mimi ndiye niliyelipasua kwenye mshono.

Alifanya kazi miaka kadhaa kwenye shamba la maua upande wa Murera, akifunga mashada ya waridi yanayopelekwa Ulaya. Baadaye akaolewa, akaajiriwa kwenye duka la dawa pale mtaa wa Kimbo, na mpaka leo yuko nyuma ya kaunta hiyo. Wateja humwita daktari. Huwakatalia, akawaambia yeye si daktari wala si nesi, waseme tu wanaumwa wapi. Kina mama humletea watoto ambao hawaumwi, awatazame tu. Wale wenye homa kali huwatuma hospitali, na siku moja nikiwa pale nilimsikia akimwambia mmoja wao, bila uchungu wowote, “Huyu mpeleke kwa waliosomea.”

Watu wa Makongeni niliacha kuwaandikia muda mfupi baada ya mambo yale. Walidhani macho yangu yameharibika, nikawaacha wadhani hivyo.

Miaka miwili iliyopita nilimwomba maitu msamaha. Nilikuwa nimejiandaa, na kwa mara ya kwanza sikuandika popote. Nilimfuata dukani saa ambayo wateja ni wachache, nikasimama upande wa wateja, nikasema. Nilisema kwamba Ijumaa ile kiwandani hawakunikataza. Aliendelea kupanga chupa za dawa ya kikohozi huku akinisikiliza mpaka nikamaliza.

“Nilijua, baba,” akasema. “Siku ileile nilijua. Nilipita kiwandani asubuhi kukuombea ruhusa.”

Akaniuliza kama nimemeza dawa ya presha, nikasema bado, akanipa maji.